Sahani ya Mama Mkwe wa Mkurugenzi

Diploma yangu ya saikolojia inaning'inia sebuleni, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe. Mgeni akiingia anaiona kabla hajakaribishwa kiti. Sioni aibu kuiweka pale, kwa sababu hakuna aliyenipa bure. Niliipata kwa kufyatua matofali kambini Kigoma mchana na kusoma jioni, mpaka chuo cha Tanzania kikanipokea mimi, mtoto wa mkimbizi, na kikaniacha nitoke wa kwanza darasani. Niliporudi Burundi na kupata kazi Gitega, kwenye kituo cha kusikiliza watu wenye matatizo ya moyo na akili, niliwakuta wenzangu waliosomeshwa Ulaya na baba zao. Walinieleza kwa upole kwamba diploma si shahada. Nilijua hilo. Kitu nilichokuwa sijakijua ni jinsi shahada inavyoweza kumziba mtu macho.

Chuoni mwalimu wetu alitupitisha katika shule zote kuu za saikolojia. Wapo wanaosema mtu anaendeshwa na mambo aliyoyazika ndani tangu utotoni, asiyoyajua mwenyewe. Wapo wanaosema ya ndani hayapimiki, tutazame tabia, tutoe tuzo hapa na kunyima pale, mtu atanyooka. Wapo wanaosema kila mtu ni mwema na anahitaji tu kukubalika. Wapo wanaotafuta ugonjwa katika namna mtu anavyofikiri. Na kando ya hao wapo majirani, yaani sosholojia, anthropolojia na tiba ya magonjwa ya akili, kila mmoja akichungulia dirishani na kudai nyumba ni yake. Mimi nilizisoma zote na kuchukua kutoka kila moja kile kinachofaa. Gitega nilikuta mambo mengine. Pale shule ya saikolojia ni kama kanisa: mtu akishabatizwa humo hahami, na wa kanisa jingine anamwombea.

Mkurugenzi wetu alikuwa wa yale yaliyozikwa ndani. Alikuwa na udaktari, ndevu fupi, na tabia ya kunyamaza muda mrefu mtu akimuuliza swali, hata ukimuuliza kama kuna maji bombani. Chini yake alikuwepo bwana wa tabia, mwembamba, asiyeamini kitu asichoweza kukipima kwa saa yake ya mkononi. Alikuwepo dada wa upendo, mtu wa shule ya kukubalika, aliyekuwa akikushika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili na kukutazama mpaka unajihisi umefiwa. Na alikuwepo mwanaanthropolojia, ambaye thesis yake ilihusu mila za Warundi na aliiandikia kwenye maktaba ya nchi yenye baridi. Mimi nilikuwa naitwa animateur. Maana yake nabeba viti, napanga mikutano, nazungumza na wanavijiji ambao wao hawawezi kuzungumza nao.

Mwaka juzi mke wa mkurugenzi alimleta mama yake kutoka Butihinda, kule Muyinga karibu na mpaka, aje afanyiwe upasuaji wa jicho. Mama huyo alikuwa amezeekea Tanzania kama wazazi wangu, akarudi na kupata shamba lake, akalilima. Alikuwa mwanamke mwenye mifupa mikubwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Upasuaji ulikwenda vizuri. Ilibaki apumzike kwa mkwe wake, mtaa wa Magarama hapo hapo Gitega, mpaka daktari wa macho amruhusu kurudi. Hapo ndipo alipoanza kukonda.

Mkurugenzi alikuwa amerudi kutoka Ulaya na sheria moja ya nyumbani: chakula cha jioni ni mezani, familia nzima, watu wakitazamana na kuzungumza. Mama mkwe akawekewa kiti mkabala na chake. Kila jioni mama alikaa, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso, akainamisha kichwa, na sahani yake ikarudi jikoni kama ilivyokuja. Baada ya muda mkurugenzi akatutangazia kituoni, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba nyumbani kwake kuna mgonjwa anayekataa chakula, na kwamba sote tunaalikwa kumwangalia akiwa mezani.

Nilikwenda nimeshika kalamu kama wengine. Sikuandika nayo chochote, kwa sababu kabla supu haijafika nilikuwa nimeshaelewa. Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Wanaheshimiana kwa kukwepana. Bibi yangu kambini, mume wa shangazi yangu alipokuwa akikatiza uani, alikuwa anafunika sahani kwa kanga na kutazama pembeni mpaka apite, na yule naye alikuwa anapita mbio kama mwizi. Hakuna aliyehitaji kunifundisha hilo. Na sasa nilikuwa namwona mwanamke mzima amewekwa uso kwa uso na mume wa binti yake, taa juu ya vichwa vyao, na wengine watatu wenye shahada wakisubiri afungue mdomo.

Kesho yake tulikaa kituoni kumjadili. Mkurugenzi alinyamaza kwanza, kisha akasema mama anakataa chakula cha mtu aliyemchukulia binti yake, na kwamba chini ya hasira hiyo kuna maombolezo ya uhamishoni ambayo hayajawahi kuliwa. Alisema hayajawahi kuliwa, na akatabasamu. Bwana wa tabia alisema hayo hayapimiki. Yeye alikuwa amegundua, kwa kumuuliza mpishi, kwamba mchana mkurugenzi akiwa kazini mama anakula jikoni, tena vizuri. Nilidhani tumefika. Kumbe yeye aliona hiyo ndiyo hitilafu: jikoni panamzawadia kukataa meza. Akaagiza jiko lifungwe kwa kufuli, chakula kitolewe mezani tu, na kila mara mama atakapopeleka tonge mdomoni mkurugenzi ampigie makofi. Dada wa upendo alisema makofi hayatoshi. Kiti cha mkurugenzi kisogezwe karibu, amshike mama mkono, amwangalie machoni na kumwambia anapendwa jinsi alivyo.

Mwanaanthropolojia alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Huyu ndiye niliyemtegemea. Miezi michache kabla alitukalisha asubuhi nzima akituonyesha kwenye ukuta picha na vichwa vya habari kuhusu miiko kati ya wakwe wa Kirundi, na mwiko wa kula ulikuwemo. Nikamkumbusha, mbele ya wote, maneno yake mwenyewe.

"Ile ilikuwa jamii ya zamani," akanijibu. "Huyu mama amekaa kambini miaka yote. Watu wa kambini walikatika na mila."

Nilimwambia mimi ni mtu wa kambini. Akasema ndiyo maana siwezi kuliona hilo kwa umbali unaotakiwa.

Mkurugenzi akamaliza kwa kile Kiswahili chake cha Gitega chenye Kifaransa ndani, anachokitumia akitaka kumrudisha mtu mahali pake. "We uliandikwa hapa kama animateur. Mambo ya kliniki iko na wenyewe. Huyu mama iko na huzuni ya ndani, donc tuache tufanye kazi."

Wakafanya kazi. Kufuli likawekwa. Jioni mkurugenzi alisogeza kiti, akamshika mama mkwe wake mkono mbele ya watoto, akamwambia anampenda jinsi alivyo. Mama aliuvuta mkono kama aliyeungua, akatoka nje, akakaa kando ya tangi la maji mpaka meza ilipoondolewa. Mambo hayo alinisimulia mpishi, ambaye alikuwa hajui acheke au aache kazi. Tangu hapo mama aliishi kwa chai ya asubuhi, anayoinywa kabla mkurugenzi hajaamka. Nguo zikaanza kumning'inia. Jicho lililopasuliwa likachelewa kupona. Na wataalamu wangu, badala ya kujiuliza kwa nini mgonjwa anazidi kuumwa kila wanapomtibu, wakakubaliana kwa mara ya kwanza: shule zao zimefika mwisho, sasa ni zamu ya madaktari wa magonjwa ya akili. Mama apelekwe Bujumbura, alazwe, na kama bado atakataa alishwe kwa mpira wa puani. Siku ikapangwa, Jumatatu iliyofuata.

Jumamosi nilikwenda Magarama nikijua mkurugenzi yuko kwenye foleni ya mafuta, ambayo siku hizo ilikuwa inamla mtu siku nzima. Nilimkuta mama kibarazani, amefumba lile jicho moja.

Nikamwambia shikamoo. Alifumbua jicho. Gitega hakuna anayempa mzee shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe umelelewa wapi?"

"Kambini, Kigoma."

"Basi unajua. Si uwaambie?"

"Nimewaambia, mama."

"Wanasemaje?"

"Wanasema una huzuni ya ndani."

Alicheka mpaka akashika jicho. "Nina njaa ya ndani," akasema. "Huzuni nitaanza Jumatatu."

Nikamuuliza kwa nini hamwelezi mkwe wake mwenyewe, mambo yaishe. Aliniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyemwamini kupita kiasi. Nimwambie kwa mdomo upi, akauliza. Kuzungumza na mkwe habari za kula kwake, kwake ilikuwa aibu ileile ya kula mbele yake, labda zaidi. Angekwenda Bujumbura kwanza.

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, na maneno yote ameyasikia. Ni mwanamke aliyesomeshwa Gitega kwa masista tangu mdogo, wazazi wake wakiwa ng'ambo ya mpaka, na anaongea Kifaransa hata na kuku. Mama alipoingia ndani kulala nilimuuliza kama alikuwa anajua.

"Tangu siku ya kwanza," akasema.

"Na ukanyamaza, dada?"

"Mume wangu ni docteur wa mambo haya haya. Nimwambie mama yangu ni mshamba?"

Nimekutana na watu wengi wa kudharau katika kazi hii, lakini pale kwenye mlango nilikosa pa kumweka yule mwanamke. Alikuwa radhi mama yake aonekane kichaa kuliko aonekane mtu wa Butihinda. Nilimwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Alitazama kufuli la jikoni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake mwenyewe, kwenye mkufu wa msalaba.

Njiani kurudi nikafikiri kama mtu aliyesoma, si kama mtu aliyekasirika. Ukweli nilikuwa nimeshawapa bure na wameukataa kwa sababu haukuvaa tai. Basi niuvalishe. Jumapili baada ya misa nilimfuata mkurugenzi kwake, wenzangu wote wakiwepo kuandaa barua ya hospitali, nikamwomba kwa unyenyekevu niruhusiwe kujaribu njia moja kabla ya Jumatatu. Nikaitaja kwa Kifaransa, polepole. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: Kuondolewa kwa Muda kwa Sura ya Mamlaka katika Uwanja wa Mlo.

Wote wakaacha kuandika. Nikamwambia mkurugenzi kwamba sura ya mamlaka, yaani yeye, inamwamsha mgonjwa kumbukumbu zilizozikwa. Nikamwambia bwana wa tabia kwamba tunaondoa kichocheo ili tupime mwitikio bila hicho kichocheo. Dada wa upendo nilimpa uhuru wa mgonjwa kujichagulia mahali. Mwanaanthropolojia sikumwambia kitu. Nilimtazama tu niliposema uwanja, neno wanalolipenda watu wa fani yake, akaanza kutikisa kichwa kukubali. Mkurugenzi alinyamaza kile kimya chake, akauliza kama njia hiyo inajulikana. Nikasema Tanzania inatumika sana. Hilo halikuwa uongo. Inatumika kila nyumba, mara mbili kwa siku.

Nikatoa masharti. Sura ya mamlaka itoke nje ya nyumba kabisa, pamoja na wachunguzi wote, kwa sababu nao wanabeba kivuli chake. Wakatoka. Kwa kuwa nje kulikuwa na manyunyu, waliingia kwenye gari la mkurugenzi, lile lililorudi bila mafuta, likiwa limeegeshwa kwenye geti. Niliwaona kupitia dirishani, shahada nne kwenye gari lisilokwenda popote, vioo vikianza kufanya ukungu kwa mazungumzo.

Binti alifungua kufuli bila kuambiwa. Nikamwomba mpishi aweke mkeka jikoni, ugali wa muhogo, maharage na ndagala, wale dagaa wa ziwani. Mama akaingia. Mimi nikakaa nje ya mlango wa jikoni, nimempa mgongo, nikatazama migomba ya jirani. Nikasikia bakuli likisogezwa, na kijiko kikikwangua chini ya sufuria, na mama akiuliza kama ndagala wamekwisha.

Nilikaa pale nikisikiliza sauti ya mtu anayekula. Nimehudhuria semina nyingi ambazo hazikunipa furaha hiyo.

Nilipowaita, mkurugenzi alikuja mbio mpaka kwenye sufuria tupu. Aliipima kwa macho, akanikumbatia. Barua ya hospitali ikachanwa. Halafu, badala ya kwenda kuosha uso na kutulia, akaanza kupanga. Njia hii iendelee kwa awamu, msimu mzima wa kiangazi, na kila awamu irekodiwe, kwa sababu kuna kongamano na yeye atawasilisha. Bwana wa tabia alisema ni wazi kichocheo kiliondolewa kama alivyoshauri. Dada wa upendo alikuwa analia, akisema uhuru unaponya. Mwanaanthropolojia aliniuliza pembeni kama nadhani kunaweza kuwa na masalia ya mila fulani katika mwenendo huu, akasema atayatafutia marejeo.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia na kanga usoni. Alikuwa ameshiba, na alikuwa anasikia kwamba hataruhusiwa kurudi kulima. Msimu mzima angeishi kwa sufuria inayotegemea mkwe wake awe ametoka kwenda kukaa garini. Niliona mabega yake yanashuka.

Nilikuwa na Kifaransa kilichobaki. Nikasema, kwa masikitiko, kwamba mkurugenzi bila shaka anajua kuwa njia hii ina hatua ya pili, na bila hiyo matokeo hayakubaliki kongamanoni: mgonjwa arudishwe mara moja kwenye mazingira yake ya asili, na sura ya mamlaka ibaki mbali bila kikomo. Mkurugenzi akasema alikuwa karibu kulisema hilo. Akauliza nani atamsindikiza mgonjwa.

"Atakwenda na huyu," mke wake akasema. Alikuwa ameshika begi la mama, limefungwa tayari. Sikumshukuru. Alichelewa.

Jumatatu tulikwenda, lakini si Bujumbura. Tulipata Probox ya kwenda Muyinga kupitia Karuzi, mama akakaa mbele kwa amri yake mwenyewe, na njia nzima alimfundisha dereva kupunguza mwendo kwenye kona. Muyinga mjini tulisimama kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu wa mtaa wa Waswahili, mama akamwachia magauni yake yapunguzwe, kisha akabadili mawazo akasema yaachwe hivyo hivyo, atayajaza. Tukachukua pikipiki mbili mpaka Butihinda.

Majirani walitoka mashambani wakimwita. Hakuna hata mmoja aliyempigia makofi wala kumshika mkono na kumwambia anapendwa jinsi alivyo. Mmoja alimwambia amekuwa kama mpini wa jembe. Mwingine akauliza kama kwa mkwe wake daktari kuna njaa. Mama akajibu kwamba kuna chakula kingi sana, shida ni madaktari.

Chakula kililetwa na binti yake wa mwisho, msichana mrefu aliyekuwa anaangalia shamba mama alipokuwa Gitega. Ugali, maharage yenye mawese, na mboga ya lengalenga. Tulinawa. Mama akavuta mkeka ukawa kati yetu, akaniuliza kama nimeoa. Nikamwambia bado, nikaongeza kwamba nina diploma, nina kazi Gitega, na kiwanja Giheta ambacho matofali yake nitafyatua mwenyewe.

"Vizuri," akasema. "Huyu aliyeleta maharage hajaolewa. Ni mzuri, anajua kazi, na hajui Kifaransa."

Nikainua macho.

"Usimwangalie," akasema. "Nataka kula."

Nikayarudisha macho kwenye bakuli. Mama akamega tonge kubwa, akalichovya, akalipeleka mdomoni mbele yangu, kanga ikiwa imelala mabegani. Alitafuna taratibu, akamega jingine.